Umemboreshea Nani?

Ili kisu cha mashine ya kukatia karatasi kikate sawasawa, lazima kifungwe upande. Jambo hili nililijua nikiwa na miaka 26, nikalitangaza ndani ya siku tatu kwa furaha ya mtu aliyeokota hela, na baada ya miezi minne watu sita niliokuwa nakula nao wali maharage mchana hawakuwa na kazi. Ni miaka mingi sasa. Lakini swali lililobaki halijaondoka, na kila nikifungua vitabu vya maadili naona yanaulizwa maswali mengine, la kwangu linarukwa: mtu akigundua namna ya kuifanya kazi iende vizuri zaidi, anawajibika kuisema? Na kama anawajibika, amwambie nani kwanza?

Nianze na mashine yenyewe, maana bila kuielewa hutaelewa kosa langu, kama kweli lilikuwa kosa.

Karatasi inapotoka kinuni si shiti unayoijua wewe. Ni utepe mmoja mpana usiokatika, unaoviringwa mpaka unakuwa roli ambalo bila foklifti hulisogezi. Kiwanda chetu, huko maeneo ya viwanda ya Dar es Salaam, hakikutengeneza karatasi. Kilinunua maroli, kikayakata kuwa mashiti makubwa ya kuwauzia wachapaji, na mengine ya madaftari. Kazi ya mashine ilikuwa hiyo tu: kumeza kitu kisicho na mwisho upande huu, na kutoa vipande vinavyohesabika upande ule.

Ukiitazama kwa mbali utadhani ni kazi ya kitoto. Kata, panga, basi. Ukiisogelea ndipo unaona ina ugomvi wake. Nyuma yanakaa maroli, sisi tulikuwa tunavuta manne kwa mpigo, na kila moja lina breki yake. Breki moja ikilegea kuliko wenzake, karatasi ya roli hilo inafika kwenye kisu haijavutwa vizuri, na shiti zake zinatoka ndefu kuliko nyingine kwa milimita moja au mbili. Roli likikaribia kwisha, karatasi ya karibu na kiini imeshazoea kujikunja, inatoka na kiburi chake, lazima uipitishe kwenye chuma chembamba kinachoikunja upande wa pili ili inyooke. Halafu kuna visu vya duara vinavyoipasua kwa urefu. Halafu kisu kikuu kinachoikata kwa upana. Baada ya kisu, mikanda ya kasi inainyakua shiti na kuikabidhi kwa mikanda ya polepole, ambako shiti zinalala zikipandiana kama magamba ya samaki, kwa sababu shiti ikifika mwisho na kasi ileile itagonga kizuizi na kukunjamana. Mwisho zinaangukia kwenye paleti, vibao viwili vikizipigapiga ubavuni zikae sawa. Na hayo yote ni kabla hujaongeza masika ya Dar, ambapo rundo ulilolipanga jioni, asubuhi unalikuta kingo zake zimekunywa unyevu na kuwa na mawimbi kama pindo la gauni.

Sasa kisu. Kisu kikuu ni wembe mrefu uliofungwa kwenye silinda inayozunguka, ukakutana na wembe mwingine. Kama nyembe hizo zingekutana urefu wote kwa mara moja, zingepiga kama shoka, mashine ikatikisika na makali yakafa mapema. Kwa hiyo wembe umepindishwa kidogo juu ya silinda, uanze kukata ukingo mmoja na kumalizia ukingo wa pili, kama mkasi. Lakini fikiria: wakati mkasi huo unasafiri kutoka kushoto kwenda kulia, karatasi haijasimama kuusubiri. Inaendelea kwenda mbele. Ukikifunga kisu sawa na fremu ya mashine, mkato utatoka mshazari. Dawa yake ni kukifunga kisu chote kwa pembe ndogo ya kinyume, ili upotovu mmoja uufute mwingine. Na pembe hiyo si moja siku zote. Ukibadilisha urefu wa shiti, uwiano kati ya mwendo wa karatasi na mwendo wa kisu unabadilika, na pembe nayo inatakiwa ibadilike. Mashine za kisasa zinajipanga zenyewe kwa kompyuta. Yetu ilikuwa na bolti na mtu.

Mtu huyo tulimwita Babu. Sijui kama alikuwa mzee hivyo. Nadhani ilikuwa ni ile miwani yake iliyofungwa waya. Alikuwa opereta, mimi msaidizi wake. Alikuwa anajua roli bovu kwa kulipiga kofi. Alikuwa anasikia beringi inayotaka kufa wiki mbili kabla haijafa. Ila shiti zetu zilitoka na kona zisizo mraba, siku zote, na kila mtu pale kiwandani aliona ni jambo la kawaida, mashine imechoka. Kwa hiyo tulikuwa tunakata kubwa kuliko oda. Mteja akitaka milimita 610 kwa 860, sisi tunakata 620 kwa 870, halafu mzigo unakwenda kwenye gilotini kunyolewa kingo zote nne mpaka kipimo. Gilotini ilikuwa na watu sita: mpigaji, msaidizi wake, wabebaji wawili, na akina mama wawili wa kusawazisha na kuhesabu rimu.

Wiki moja Babu aliumwa malaria, nikaachiwa mashine. Kijana, nimetoka chuo cha ufundi, natamani kuonekana. Kwenye kabati la ofisini nikakuta kitabu cha mashine, Kiingereza chake kilikuwa cha kutafsiriwa na mtu asiyekijua, lakini michoro haidanganyi. Nikauona ule mchoro wa pembe. Nikalegeza bolti, nikasogeza, nikakata shiti kumi, nikapima kwa skwea niliyoazima kwa seremala wa paleti. Nikasogeza tena. Siku ya tatu kona zilikuwa zimekaa, tofauti haifiki nusu milimita. Nakumbuka nilifuta grisi kwenye fremu ili niweke alama ya rangi, nikakuta chini yake kuna mistari myembamba iliyokwaruzwa kwa msumari, na namba: 700, 860, 900. Mstari wa 860 ulikuwa palepale nilipofikia mimi. Nikadhani ni alama za waliotengeneza mashine. Sikuwaza zaidi, nilikuwa na haraka ya kwenda kumwita meneja.

Meneja alikuja na rula yake. Alipima, akatabasamu, akanipiga mgongoni. Nilipewa bahasha yenye shilingi 50,000 na jina langu likabandikwa ubaoni, chini ya lile bango la Kaizen ambalo siku hizi viwanda vingi wanalo. Oda zikaanza kukatwa kwa kipimo kamili na kwenda moja kwa moja kufungwa. Gilotini ikafunikwa turubai.

Yaliyofuata yalifanywa kisheria, nisimsingizie mtu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayepunguza watu kwa sababu za uendeshaji atoe taarifa, aeleze sababu na ashauriane nao kabla. Taarifa ilitolewa. Walishauriana, asubuhi moja. Kiinua mgongo kwa sheria hiyo ni mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliotimia, na hesabu inaishia miaka 10. Mpigaji wa gilotini alikuwa na miaka 14 pale. Akalipwa siku 70. Ile minne ya ziada ilikuwa ya Mungu.

Babu alikuwa amerudi siku nyingi. Hakunisema kitu hata siku moja mpaka ile siku wenzetu walipochukua virago. Jioni tukiwa tunafuta visu akaniuliza:

“Ile mistari uliiona?”

“Niliiona, Babu.”

“Ulidhani kaichora nani?”

Nikanyamaza. Akasema tena, taratibu tu, bila hasira: “Mimi nilikuwa najua kabla wewe hujaja. Nilikuwa nakipeleka kisu kwenye mstari, nahakikisha kinakata, halafu nakirudisha kidogo. Kila oda.”

Kwa muda mrefu niliyasikia maneno haya kama hukumu. Babu alikuwa mtu mwema aliyejifanya hajui ili wengine wale, na mimi nilikuwa mtoto niliyejua kusoma kitabu nisijue kusoma watu. Hadithi ingeishia hapo ingekuwa nzuri, na ingekuwa rahisi kuisimulia. Tatizo ni kwamba kadiri ninavyomfikiria Babu ndivyo ninavyoona kwamba na yeye hakuwa salama.

Chukua hesabu ile ya 620 kwa 870. Kunyoa mpaka 610 kwa 860 ni kutupa karibu kilo 27 katika kila tani ya karatasi. Yaani karatasi iliyopandwa mti, ikakatwa, ikapikwa kinuni, ikasafirishwa baharini au kwa lori, ikalipiwa ushuru, imefika kwetu tunaigeuza kuwa vinyweleo vya kufungwa robota na kurudishwa kuwa uji. Huruma ya Babu ilikuwa na bei, na bei hiyo hakuilipa yeye. Mwenye kiwanda aliilipa kiasi, na sidhani kama aliilipa yote. Mwisho wa yote iliingia kwenye bei ya daftari la mtoto fulani. Usiniambie kwamba ni senti chache kwa kila daftari. Ni kweli ni chache, na ndiyo sababu Babu aliweza kuzichukua miaka yote hiyo bila mtu kulalamika.

Halafu kuna gilotini yenyewe. Mashine ile ina vitufe viwili, mkono huu na mkono huu, ili kisu kisishuke mpaka mikono yote iwe nje. Kwetu kitufe kimoja kilikuwa kimefungwa kwa gundi ya nailoni kibaki kimebonyea, kazi iende haraka. Msaidizi alikuwa hana ncha ya kidole cha shahada tangu kabla sijafika. Kazi iliyolindwa na siri ya Babu ilikuwa kazi ya namna hiyo. Nilipoifunika gilotini turubai, nilifunika pia hatari.

Lakini haya si ndiyo yanayonisumbua zaidi. Kinachonisumbua ni kwamba wale sita hawakujua. Walidhani wanafanya kazi kwa sababu kazi ipo. Kumbe walikuwa wanaishi kwa hisani ya mtu mmoja na msumari wake. Babu aliamua peke yake, kila oda, kwamba wao wabaki, na angeweza kuamua vinginevyo. Angekorofishana na mmoja wao, angeisogeza bolti. Hisani ya siri ina sura ya upole, lakini ni utawala vilevile. Anayelishwa hajui anamlisha nani, kwa hiyo hawezi kudai, hawezi kushukuru, wala hawezi kujiandaa kwa siku mlishaji atakapougua malaria.

Adam Smith, katika kitabu chake maarufu cha mwaka 1776 kuhusu utajiri wa mataifa, anasimulia kisa cha mtoto aliyeajiriwa kufungua na kufunga vali ya injini ya mvuke kila pistoni ilipopanda na kushuka. Mtoto alitaka kucheza na wenzake. Akafunga kamba kutoka kwenye mpini wa vali hadi sehemu nyingine ya mashine, vali ikawa inajifungua yenyewe, naye akaenda zake kucheza. Smith anakisifu kisa hiki kama mfano wa namna wafanyakazi wanavyoboresha mitambo. Wanahistoria wamekitilia shaka, sawa. Mimi shaka yangu ni nyingine. Smith anamwacha mtoto anacheza. Hasemi kesho yake ilikuwaje. Mwenye injini akipita akaikuta kamba inafanya kazi na mtoto yuko uwanjani, unadhani alimwambia endelea kucheza, mshahara utaukuta?

Kila ninapomtetea Babu mbele ya marafiki zangu waliosoma uchumi wananiletea Frederick Taylor, yule Mmarekani wa kupima kazi kwa saa. Kabla hajawa maarufu, Taylor alikuwa meneja wa kampuni iliyokuwa na vinu vya karatasi huko Maine na Wisconsin mwanzoni mwa miaka ya 1890, kwa hiyo tunaweza kusema ni wa ukoo wetu. Katika kitabu chake cha mwaka 1911 alilalamika kwamba wafanyakazi wanavuta miguu makusudi, na sababu ya kwanza aliyoitaja ni imani kwamba wakizalisha zaidi wenzao watakosa kazi. Yeye aliiita imani hiyo upotofu. Alitoa mfano wa viatu: vilipoanza kutengenezwa kwa mashine bei ilishuka, watu wakanunua vingi zaidi, kazi zikabaki.

Sina ubishi na viatu. Inawezekana kabisa kwamba karatasi yetu ilipopungua gharama kiwanda kilipata oda zaidi, na baada ya miaka miwili kiliajiri watu. Kweli kiliajiri. Wanne, vijana, wa kufunga na kupakia. Ila si wale. Hapo ndipo hesabu ya Taylor na hesabu ya maadili zinapoachana: Taylor anahesabu kazi, na kazi iliyopotea huku ikionekana kule zinafutana. Watu hawafutani. Mpigaji wa gilotini mwenye miaka 50 hawezi kuambiwa atulie kwa sababu kijana wa Mbagala amepata nafasi.

Tukirudi nyuma zaidi tunaukuta ugomvi huu umekaa kwenye chanzo cha karatasi yenyewe ya roli. Zamani karatasi ilizaliwa shiti. Mtu alichovya chekeche kwenye uji wa matambara, akaliinua, akalitikisa, shiti moja, akarudia. Hakukuwa na haja ya kukata roli kwa sababu hakukuwa na roli. Mwaka 1799 Mfaransa Louis-Nicolas Robert, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kinu cha Essonnes, alipata hataza ya mashine ya kutengeneza karatasi ndefu isiyokatika. Inasemekana moja ya sababu zilizomsukuma ni kuchoshwa na ugomvi wa mafundi wa kinu. Yaani karatasi ndefu ilitafutwa, kwa sehemu, ili watu wanaogomba wasihitajike. Mashine ikavuka kwenda Uingereza, ikaboreshwa, ikaenea. Novemba 1830, huko karibu na High Wycombe, watengeneza karatasi walioona ajira zinakwisha waliingia vinuni na nyundo wakazivunja mashine. Walishtakiwa, na baadhi yao wakapelekwa uhamishoni Australia. Na Robert? Alifariki mwaka 1828 akiwa mwalimu wa shule, maskini. Mashine yake iliwatajirisha wengine.

Kwa hiyo kuna aliyegundua akatoa, hakupata. Kuna waliokataa kwa nyundo, wakapotea. Kuna Babu aliyeficha. Na mimi niliyetoa bure nikapata elfu hamsini. Nikiwapanga hivi naona wote tulifanana kwa jambo moja: tulikuwa peke yetu. Hata wale wa nyundo, ambao walikuwa wengi, walifika wakati uamuzi umeshapita.

Naomba tusimame kidogo kwenye lugha, kwa sababu Kiswahili kimenisaidia hapa kuliko vitabu. Tunasema kuboresha. Kuboresha mashine, kuboresha huduma, kuboresha elimu. Ukienda kwenye semina yoyote utalisikia neno hili kabla ya chai. Ni neno lenye kiburi, linasimama peke yake, kitu kilikuwa hivi sasa ni bora, imekwisha. Lakini Kiswahili kinakuruhusu kuongeza herufi moja tu na kila kitu kinabadilika: kuboreshea. Sasa huwezi kusema tena bila kumtaja mtu. Umemboreshea nani? Mashine haiboreshewi, mashine haina shida yoyote, hata ikikata mshazari mpaka kiama. Ni mtu anayeboreshewa. Nilipokisogeza kisu sikujiuliza hata mara moja swali hilo lenye herufi moja zaidi. Nilidhani naboresha. Kumbe kuna niliyekuwa namboreshea, na kuna niliyekuwa namharibia, na wote nilikuwa nawafahamu kwa majina.

Je, ningenyamaza? Hapana. Ninasema hivi nikijua itawaudhi baadhi ya wasomaji. Sidhani kwamba maarifa ya kufanya kazi vizuri ni mali ya kufichwa, na sidhani kwamba mtu mmoja ana haki ya kuharibu karatasi ya watu kila siku kwa sababu moyo wake ni mzuri. Shiti iliyokatwa mraba ni jambo jema. Hata leo nikipita mahali nikaona rundo limekaa, kona zote nne zimelingana kama jani moja nene, nafsi yangu inatulia. Opereta asiyehisi hivyo atafute kazi nyingine.

Nilichokosa ni mpangilio. Kabla sijafungua mdomo, katika kiwanda kile chote ni mimi na Babu tu tuliokuwa na kitu ambacho meneja anakihitaji na hana. Kwa siku tatu nilikuwa na nguvu ambayo sijawahi kuwa nayo tena pale. Kilo 27 kwa tani! Kwa mwezi ni hela ya kutosha kuzungumzia: kuwahamishia wale sita kwenye ufungaji, kuwafundisha wawili mashine, kumsubiri mpigaji afikie kustaafu. Sisemi meneja angekubali. Nasema angelazimika kukaa akasikiliza. Nguvu hiyo iliisha dakika nilipomwonyesha kona za shiti. Kitu cha namna hiyo ukishakisema hukidai tena. Mtu hawezi kusahau pembe aliyokwisha kuoneshwa. Nilikitoa kama anavyotoa mtoto anayeonyesha mchoro wake nyumbani, nasubiri kusifiwa.

Na Babu naye alikuwa nayo nguvu hiyo kwa miaka, akaitumia yote kwenye kunyamaza. Nilimuuliza mara moja, kabla hajastaafu, kwa nini hakuwaambia angalau wale sita. Alinitazama kama vile nimeuliza kitu cha ajabu. “Ningewaambia, wangelala usingizi?” Sikuwa na jibu siku ile. Jibu ninalo sasa na yeye hayupo: wasingelala, Babu, lakini wangekuwa macho kumi na mawili kuliko mawili.

Miaka michache iliyopita nilikutana na mmoja wa wale akina mama, sokoni Tandika, anauza vitenge vya mitumba na mapazia. Nilimwamkia, nikamkumbusha mimi ni nani. Nilikuwa nimejiandaa kuomba msamaha, nina hotuba kabisa kichwani. Alicheka. Akasema, “Mwanangu, ile kazi mimi sikuipenda. Kuhesabu karatasi mpaka vidole vinapasuka. Nilichokipenda ni mwisho wa mwezi.” Halafu akanionyesha pazia, akataka elfu kumi na mbili, akanishusha mpaka kumi kwa sababu tunafahamiana. Nililinunua. Hotuba nilirudi nayo nyumbani. Kuhusu kisu hakujua lolote, na sikumwambia. Nimeona baadaye kwamba hapo nilifanya kilekile alichokifanya Babu.

Sasa hivi niko kiwanda kingine, mkoa mwingine, mashine mpya kidogo kuliko ile. Kisu chake kinajipanga chenyewe. Tatizo lake liko nyuma: kila maroli yanapobadilishwa inasimama dakika 20 au zaidi, watu watatu wanahangaika kuunga karatasi mpya na ya zamani kwa gundi, na shiti za mwanzo zinatupwa mpaka breki zikae sawa. Nimekaa nayo miezi saba na nimepata namna. Ukiyaandaa maroli mapya kwenye vibebeo vya akiba kabla yale ya kwanza hayajaisha, na ukiandika mkazo wa kila breki kwa kila aina ya karatasi badala ya kuukisia upya kila mara, zile dakika zinashuka chini ya saba. Nimejaribu shifti ya usiku mara tatu. Inafanya kazi. Watu wawili wanatosha.

Safari hii imekaa kwenye daftari langu na haijaenda ofisini. Alhamisi nimewaambia wale watatu, nje, kwa mama ntilie. Mmoja alikasirika akaondoka bila kumaliza chai yake, akidhani nimeshasema juu. Jana amerudi. Wameomba wiki moja wajadiliane, na wamemwita mtu wa chama cha wafanyakazi. Yule aliyekasirika ndiye aliyeniuliza kama naweza kuwaandikia hesabu kamili, kilo ngapi na dakika ngapi kwa mwezi, ili wakienda kwa meneja wajue waombe nini. Nimeanza kuiandika, upande wa nyuma wa shiti za mwanzo, zile za kutupa.